Chombo Kilichopita Shingoni



Chupa hii imekuwa mezani tangu mlipoanza kuingia, na nimeona kila aliyepita akiinama kuichungulia. Chupa yenyewe ni ya kawaida, ya zile zinazotiwa asali na kuuzwa kando ya barabara. Ndani yake mna jahazi. Limeketi juu ya maji ya buluu, mlingoti wake umeinamia mbele kidogo kama ilivyo desturi ya majahazi ya pwani, na tanga limetanda. Shingo ya chupa, kwa ndani, haifiki milimita 20. Tanga lina urefu wa sentimita 9. Watoto wawili wameshanijia hapa mbele kuniuliza limepitia wapi.

Limepitia shingoni. Wengi hudhani kwamba kitako cha chupa kilikatwa kikaunganishwa tena, au kwamba fundi wa vioo alipuliza kioo kikalizunguka jahazi. Kioo kikiwa laini cha kupulizika huwa kinawaka kwa moto. Mti na uzi vingekuwa majivu kabla chupa haijapata umbo. Na kitako nendeni mkipapase wenyewe tukimaliza. Hakina ufa.

Kazi hii ilianza kwa mabaharia na mafundi wa nchi za bandari. Kati ya meli za chupani zenye mwaka ulioandikwa, kongwe inayojulikana zaidi ni ya 1784, yenye jina la Gioni Biondi, nayo imehifadhiwa katika mji wa Lübeck, Ujerumani. Karne ya 19 ndipo ilipoenea hasa. Safari ya matanga ilichukua miezi, na baharia aliyemaliza zamu yake alikuwa na kisu, kipande cha ubao, uzi wa kushonea matanga, na chupa tupu. Alichokijua kuliko kitu chochote kingine duniani ni chombo alichokuwa amekipanda. Basi akakiunda kidogo, akakitia chupani, akakipeleka nyumbani kwa mama yake.

Sisi wa Nyaramba, huku Gusii, hatuna bahari. Tuna vilima, chai, ndizi, na mvua inayojua saa yake. Mtu anaweza kuuliza kwa haki jahazi linatuhusu nini. Nitajibu, lakini kwanza niwaonyeshe linavyoingia, maana jibu langu limefichwa humo.

Nina jahazi la pili hapa, ambalo halijaingia. Mwalimu, tafadhali wasogeze watoto wa mbele waone. Kiunzi chake nimekichonga kwa mti wa mparachichi uliokauka vizuri. Mjakaranda pia unafaa. Kiunzi kipite shingoni kikiwa na kila kitu kilichofungwa juu yake, kwa hiyo upana wake ni milimita 13 tu. Mlingoti ni kijiti cha mwanzi, wa zile njiti za mishikaki, kwa sababu mwanzi mwembamba hunyooka na haukatiki ovyo. Sasa tazameni shina la mlingoti. Nimetoboa tundu la kuvuka kwa sindano iliyopashwa moto, nikapitisha waya mwembamba, na ncha mbili za waya nimezikaza kwenye sitaha. Mlingoti haukugundishwa. Unalala kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, unainuka, unalala tena. Hiyo ni bawaba, sawasawa na ile ya mlango wa nyumba yako, ila ni ndogo kuliko punje ya wimbi.

Uzi umefungwa kwenye kilele cha mlingoti, ukashuka hadi omo, yaani mbele ya chombo, ukapita katika tundu dogo, na ncha yake ndefu iko mkononi mwangu. Nyuzi nyingine mbili, moja kila upande, zinatoka kilele kuja ubavuni, nyuma kidogo ya shina. Hizo ndizo zinazouambia mlingoti usimame wapi. Zikiwa fupi, hauinuki ukafika. Zikiwa ndefu, unapitiliza na kuangukia mbele. Foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, imefungwa kwa uzi uliolegea ili iweze kugeuka na kulala sambamba na mlingoti. Tanga limeshikwa kwenye foromali peke yake, na pembe yake ya nyuma ina demani, yaani kamba ya kulizuia tanga, inayofungwa karibu na usukani.

Tanga ni kitambaa chepesi cha pamba nilichokichovya katika chai ya rangi, ile turungi tunayokunywa asubuhi. Tanga jeupe kama karatasi mpya huonekana la uongo. Likilala usiku mmoja ndani ya turungi, huamka na rangi ya chombo kilichokwenda safari na kurudi. Majani ya chai hiyo yamechumwa hapa juu mlimani.

Bahari huwekwa kwanza. Chupa ioshwe, ikaushwe siku kadhaa, kisha ile puti ambayo fundi wa madirisha hukazia vioo ichanganywe na rangi ya buluu na kuingizwa vipande vidogo vidogo kwa waya mrefu. Zana nyingi nimezitengeneza kwa spoki za baiskeli: moja imepindwa ncha kama jembe, moja imepondwa ikawa bapa, moja ina kitambaa cha kufutia kioo kwa ndani. Puti inataka kuachwa ipumue. Ukiziba chupa mapema, mvuke wa mafuta yake hutanda kwenye kioo, na jahazi lako litabaki ndani ya ukungu.

Kisha siku yenyewe hufika. Mlingoti unalazwa, foromali inageuzwa, tanga linaviringishwa kukizunguka kiunzi, na chombo kinaingia kwa tezi, kimya, kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Kikishakaa juu ya puti kinabanwa. Nyuzi zimebaki nje, zimening'inia shingoni. Unauvuta uzi wa omo polepole. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Halafu kilele cha mlingoti kinainua kichwa, tanga linaanza kujikunjua, foromali inazunguka kutafuta mahali pake, nyuzi za pembeni zinakaza, na chombo kilichokuwa furushi la vijiti kinakuwa jahazi mbele ya macho yako. Nimelifanya jambo hili mara nyingi, na bado kila mara moyo wangu huenda mbio.

Kazi haijaisha hapo. Tone la gundi linawekwa kwenye tundu la omo kwa ncha ya spoki, unasubiri likauke kabisa, ndipo uzi unakatwa kwa kipande cha wembe kilichofungwa kwenye waya. Chombo changu cha kwanza nilikifanyia kazi wiki tano. Gundi niliipa saa moja. Nilipokata uzi, mlingoti ulilala taratibu ukaangukia tezi, na hapakuwa na uzi wa kuuinulia tena. Niliiweka chupa ile kabatini, na hadi leo ninayo. Mwanafunzi akija nyumbani kujifunza, hiyo ndiyo ninayomwonyesha mwanzo.

Sasa nije kwenye jibu nililoahidi. Katika chupa hii, fundi hakuunda kitu kisha akaanza kutafuta namna ya kukipitisha. Shingo ilipimwa kabla mti haujakatwa. Kila kipande kilizaliwa kikijua kitapita mlango wa upana gani na kitasimama upya upande wa pili. Akili hiyo, akili ya bawaba, imeshafanya kazi kubwa katika nchi yetu, tena karibu nasi kuliko mnavyodhani.

Ukisimama ukingo wa vilima vya Manga siku hewa ikiwa safi, unaliona Ziwa Victoria. Ziwa lile limezungukwa na nchi kavu kila upande. Kwa mtu wa meli ni chupa, na shingo yake ilikuwa njia ya wapagazi kutoka Mombasa. Meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon iliundwa Uskoti, katika karakana ya Bow, McLachlan mjini Paisley. Iliundwa ili ifunguliwe. Vipande vyake vikaletwa Mombasa wakati reli ilikuwa bado haijafika ziwani, na sehemu ya njia vikabebwa kwa mabega ya watu. Fikirini mtu anayepanda Bonde la Ufa na bamba la chuma kichwani, bamba ambalo kwake halina maana yoyote, halifanani na mashua wala nyumba, na bado bila bamba hilo maji yangeingia. Meli ilikazwa upya Kisumu, ikashuliwa mwaka 1900. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli iliitangulia reli.

Baadaye njia hiyo ikawa kawaida. Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza: zote zilikuja vipande vipande, na zote zilisimama Kisumu. MV Victoria, ambayo wazee wengi hapa wanaikumbuka, iliundwa Glasgow na kampuni ya Yarrow mwishoni mwa miaka ya 1950, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa tena Kisumu. MV Uhuru ikafuata katika miaka ya 1960. Na katika miaka hii yetu, MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, imeundwa Kisumu kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi, mikono iliyoiunganisha ikiwemo ya vijana wa Kenya.

Kubwa kuliko zote kwa maoni yangu ni ile ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani waliiunda meli Graf von Goetzen katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, wakaifungua, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaipeleka Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu walisafiri nayo ili kuisimamisha. Ilishuliwa mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshapamba moto. Mwaka 1916 Wajerumani walilazimika kuondoka Kigoma. Mafundi walewale wakaamriwa waizamishe. Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake mafuta mazito, tabaka juu ya tabaka, ili maji yasiile. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba watu na dagaa na mahindi katika ziwa lile kwa miongo na miongo. Mimi nikifikiria grisi ile naona heshima ya fundi kwa kazi yake. Walikuwa wanaupoteza mji, meli inakwenda chini, na bado waliacha uzi unaoning'inia shingoni.

Hilo ndilo linalonifanya niwaambie vijana kwamba jahazi la chupani si pambo la sebuleni tu. Ni shule. Anayelikamilisha ameshajifunza kupima kabla ya kukata, kujaribu nje kabla ya kuingiza, na kusubiri gundi ikauke.

Lipo jambo lingine, nalo linaniuma zaidi. Pwani yetu ilikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba uliosukwa kwa miyaa. Mtepe ulisafiri pwani hii kwa karne nyingi, kisha katika karne ya 20 ukatoweka. Watu walipotaka kujua ulivyokuwa, walikwenda wapi? Walikwenda kwenye picha, kwenye maelezo ya wasafiri, na kwenye mitepe midogo iliyochongwa na watu waliokijua chombo chenyewe. Baadhi ya vielelezo hivyo viko katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa. Zanzibar walithubutu hata kuunda mtepe wa kimo chake halisi na kuuweka ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, jumba lililobomoka kwa sehemu mnamo Desemba 2020. Kitu kidogo kilichofanywa kwa uaminifu kilibeba habari za kitu kikubwa. Fundi aliyechonga mtepe mdogo huenda alitaka tu kuuza kwa mgeni au kumfurahisha mtoto. Kwa kuwa alihesabu mishono sawasawa, ametuachia ushahidi.

Kwa hiyo naomba mkichagua chombo cha kuunda, msichague meli za Wazungu zenye milingoti mitatu mlizoziona katika sinema. Yuko aliyeichagua meli kama hiyo kwa sababu, msanii Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliyeifikiria sana kazi hii. Mwaka 2010 aliweka katika uwanja wa Trafalgar, London, chupa kubwa mno, na ndani yake meli ya Victory, ile aliyoipanda amirali Nelson vitani mwaka 1805, imepunguzwa mara 30. Meli ina matanga 37, na yote yameshonwa kwa vitambaa vya vitenge. Sasa iko Greenwich, nje ya makumbusho ya mambo ya bahari. Kitenge chenyewe kina safari: mtindo wake ulitoka kwa batiki za Indonesia, Waholanzi wakauiga kwa mashine, wakauza Afrika Magharibi, na Afrika ikaufanya wake. Shonibare aliichukua meli ya taji la Uingereza akaivika nguo ya sokoni, na kila apitaye analazimika kuuliza utajiri uliobebwa na meli kama zile ulitoka kwa nani. Msanii mmoja, chupa moja, na historia nzima ikasomeka.

Sisi tuna chombo chetu cha karibu. Teremkeni hadi Kendu Bay au Homa Bay. Mtaona mashua za wavuvi, ndefu, zenye omo iliyochomoza, ubavuni zimepakwa rangi za kung'aa na kuandikwa majina. Asili ya umbo lake ni mtumbwi wa Sese wa upande wa Uganda, ambao mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mimea na omo yake kupambwa kwa pembe za mnyama. Tanga la pembe tatu lilipanda kutoka pwani ya Waswahili, likatua juu ya mwili huo wa ziwani. Bahari na ziwa zimeoana katika mashua moja, na dagaa na sangara tunaowanunua sokoni wamewahi kusafiri ndani yake. Leo injini inachukua mahali pa tanga mwaka hadi mwaka, kama ilivyo haki ya mvuvi kutafuta nafuu. Hatuwezi kumwambia arudi kwenye upepo ili sisi tufurahi. Tunachoweza ni kuipima mashua ile sasa, kuhesabu mbao zake, kuuliza kila kamba inaitwaje kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, na kuiunda ndogo bila kudanganya.

Na mikono ipo. Asiniambie mtu kwamba Mgusii hana jadi ya kazi ndogo. Kule Tabaka kuna wachongaji wanaolikata jiwe la sabuni kwa panga, wakalimaliza kwa kisu na tupa, na akina mama na watoto wakalisugua kwa msasa na maji hadi likawa laini kama shavu. Wapo wanaochonga kiboko asiyezidi ukucha wa kidole gumba, mwenye masikio. Elkana Ong'esa alitoka huko huko Tabaka, na ndege aliyemchonga amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Tena kuna obokano, kinubi chetu. Mwenye kuuweka sawa uzi mmoja kati ya nyuzi nane za obokano, akiukaza mpaka sauti ikae mahali pake, usiniambie atashindwa na uzi wa omo. Kidole chake kimeshajua tofauti kati ya kukaza na kukata.

Wazazi, najua mnachofikiria. Mnafikiria mitihani na karo. Mtaala wa umilisi umewaleta watoto nyumbani wakitaka maboksi, gundi na waya, na wengi wenu mmechoka. Mimi siwaombi mnunue kitu. Chupa ipo, uzi upo, mti mmeukata wenyewe, spoki chakavu fundi wa baiskeli anazitupa. Naomba kitu kigumu zaidi: muda wa mtoto ambao hautakatizwa. Mkimkuta amekaa kimya na kijiti kwa saa mbili, msimtume dukani.

Nimemaliza maneno. Chombo hiki cha pili nitakiingiza sasa, hapa mezani, na nitahitaji mtu mmoja wa kushika chupa asitikisike. Nawaombeni pia wazee: kama yuko kati yenu aliyesafiri na MV Victoria kutoka Kisumu, au aliyefanya kazi gatini, au aliyewahi kuvuta tanga ziwani, asiondoke kabla hatujazungumza. Nina daftari, na kurasa zake bado ni tupu.